Tatu, Sita na Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa sababu nisipoandika nitampiga mtu, na nimefunga.

Jioni nilikuwa kitandani nasubiri adhana, tende ziko kwenye kisosi, Erica akafungulia redio ya chuo. Erica ni msichana wa Mpwapwa, tunakaa chumba kimoja na tunacheza timu moja ya mpira. Kipindi kilikuwa cha Denis, mwanafunzi wa uandishi wa habari, mwaka wa pili, ambaye kila nikimwona anapiga mpira unakwenda kwa wapita njia. Mada ya leo: je, Mwajabu anafaa kucheza Ligi Kuu ya Wanawake? Mwajabu ni mimi. Hakuna aliyeniuliza.

"Tuambizane ukweli, wasikilizaji," Denis akasema kwa ile sauti anayoivaa akikaa mbele ya maikrofoni. "Mwajabu ni kiraka. Leo beki, kesho kiungo, keshokutwa mshambuliaji. Mtu anayecheza kila mahali hana mahali. Klabu kubwa inasajili mtu wa nafasi yake."

Wakaanza kupiga simu. Mmoja akasema angenichukua amefumba macho, mshahara mmoja kazi tatu. Mwingine akasema kiraka ni mtu wa benchi, unamweka pale kama tairi la akiba. Wa tatu akasema namaliza chuo Julai, niachane na mpira nitafute mume, na Denis akacheka kwanza ndipo akakata simu. Alicheka. Nilimsikia.

"Mbona umenuna?" Erica akaniuliza. "Si wanakutangaza?"

"Wananitangaza kama mbuzi mnadani. Huyu anapapasa mgongo, yule anafungua mdomo aone meno."

"Adhana hiyo. Kula tende, upoe."

Nilikula tende zote na sikupoa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kutwa. Uwanja ni tope tupu. Hakuna mazoezi.

Jumamosi, 8 Machi

Kwetu chuoni namba ni nafasi. Anayecheza beki wa kushoto anavaa tatu, kiungo wa kukaba anavaa sita, anayecheza nyuma ya mshambuliaji anavaa kumi. Jezi ni seti moja, hazina majina, zinakaa kwenye gunia nyumbani kwa kocha wetu, Mwalimu Bartolomayo. Tatu ni ya Ruthu. Sita ni ya Naima. Kumi ni ya Erica. Mimi sina namba. Mimi navaa ya aliyekosekana. Miaka mitatu sasa, mtu akiugua, jina langu linaitwa kabla sijasikia ugonjwa wenyewe.

Leo Naima kalala na malaria. "Mwajabu, sita," Mwalimu akasema, akanirushia jezi.

Sijawahi kumwambia mtu, lakini hiyo ndiyo ninayoitaka. Kwenye sita mpira wote unapita kwako. Na mimi nimeshacheza beki, najua beki akibanwa anautupa wapi, maana nimeshabanwa pale pale. Nimeshacheza mbele, najua mshambuliaji anauomba mpira saa ngapi. Leo nilikuwa nafika mahali kabla ya mpira. Nilikuwa nimefunga saumu, koo limekauka, jua la saa kumi linachoma, na sikuhisi kitu. Tulishinda mbili bila.

Gari dogo jeupe lilikuwa limesimama upande wa barabarani, mbali, vioo juu. Baada ya mechi Mwalimu akatuambia kwamba ndani yake alikuwamo Stanley, katibu wa Uwanda Queens, timu ya Ligi Kuu iliyoweka kambi Nzuguni. Anatafuta wachezaji wa msimu ujao na atarudi mara mbili tatu.

Nikamfuata Mwalimu pembeni. "Shikamoo, Mwalimu. Akirudi yule, naomba unipange sita."

"Nitaangalia," akasema.

Nimemwamini. Usiku wa leo nitalala vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Sita kavaa Naima. Kapona malaria juzi, miguu bado inatetemeka, lakini sita ni yake. Ruthu alikuwa na mtihani wa vitendo maabara, kwa hiyo mimi tatu. Gari jeupe lilikuwepo.

Nilicheza kwa hasira. Winga wao hakunipita hata mara moja, na mara ya mwisho alipojaribu nilimpokonya mpira nikapanda nao mpaka kwenye kibendera cha kona, nikamwekea Erica kichwani, goli. Nilipokuwa narudi nyuma nikapita mbele ya Mwalimu. Alikuwa anapiga makofi. Sikumtazama.

"Uliahidi," nikamwambia mwishoni.

"Nilisema nitaangalia. Nimeangalia. Tatu ilikuwa wazi, sita haikuwa wazi. Sasa nifanyeje, mwanangu?"

Hilo neno mwanangu linaniudhi kuliko matusi.

Jumatano, 19 Machi

Mama kapiga simu kutoka Kondoa. Kaka yangu Shaaban ameongea na mwenye shule ya sekondari kule, wanataka mwalimu wa hisabati kuanzia Agosti. "Utakula nyumbani, utalala nyumbani," Mama kasema. Nikamwambia nasubiri jambo la mpira. Kaniuliza kama nafuturu vizuri.

Kijijini kwetu hakuna timu ya wasichana. Nikirudi Agosti bila mkataba, mpira umekwisha. Nimeliandika hivyo ili nilione.

Jumatatu, 31 Machi

Iddi. Erica, ambaye hajafunga hata saa moja, kala pilau kuliko sisi wote.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ya mwisho mwisho imetupata katikati ya mechi, na ilikuja na mawe. Erica aliteguka kifundo mazoezini, akakaa pembeni na mwavuli wa mtu, mimi nikavaa kumi. Nimefunga goli mbili, zote kwa mguu wa kushoto, maana wa kulia mimi ni wa kutembelea tu. La pili nililipiga kutoka mbali, kipa akasimama kama anasubiri pikipiki. Stanley alikuwa ndani ya gari lake, anafuta kioo kwa kiganja aone.

Sote tunafunga kitambaa cheusi kichwani, desturi ya timu tangu zamani, kwa ajili ya vumbi. Tukiloa mvua tunafanana mno. Nilitamani ashuke hata dakika moja anione uso. Hakushuka.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemkuta Denis kwenye kibanda cha chai nyuma ya maktaba, na safari hii nikakaa meza yake kwa makusudi.

"Haya, sema tena ulichosema redioni. Mimi nipo hapa."

Akapaliwa na andazi. "Dada Mwajabu, ule ni uchambuzi. Usiuchukulie moyoni."

"Nichambue basi."

Basi akachambua, na heshima yake nampa, hakurudi nyuma. Kasema kocha wa Ligi Kuu ana wachezaji wawili wawili kila nafasi, hawezi kuwa na kazi na mtu anayejua kidogo kidogo kila pahali. Kasema mimi kwenye tatu ni mzuri, lakini kuna tatu bora. Kwenye kumi ni mzuri, lakini kuna kumi bora. "Na kwenye sita?" nikamuuliza.

"Sita nimekuona mechi moja tu."

"Kwa nini umeniona mechi moja tu?"

Akafikiri. "Kwa sababu ya Naima."

"Kwa sababu sijawahi kusema hapana. Anayesema hapana anapewa nafasi yake. Mimi nikiambiwa ziba hapa, naziba. Halafu wewe unakaa redioni unasema huyu kazi yake kuziba."

Denis aliweka kikombe chini. Akasema anaomba aitumie hiyo kwenye kipindi. Nikamwambia akiitumia nitamwagia chai, na chai ililipiwa na yeye, kwa hiyo asinijaribu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nimefua.

Alhamisi, 8 Mei

Upepo umeanza. Asubuhi baridi, mchana vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Stanley kamaliza kutazama, kaongea na Mwalimu muda mrefu chini ya kivuli cha ofisi ya michezo. Mwalimu alipotoka alikuwa anatabasamu. Nikamuuliza, akasema subirini.

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika polepole.

Tulikuwa watatu chumbani, mimi, Erica na Ruthu, aliyekuja kuazima pasi. Denis akatangaza redioni, anapumua kama kapanda ngazi mbio: Uwanda Queens imewaita wachezaji watatu wa chuo chetu kwenye majaribio ya Jumamosi ijayo, Nzuguni, karibu na viwanja vya Nanenane. Namba tatu, Ruthu. Namba sita, Naima. Namba kumi, Erica. "Katibu wa klabu anasema watatu hawa wamemkosesha usingizi," Denis akasema. "Beki aliyemfungia winga kazi. Kiungo anayefika kabla ya mpira. Na kumi mwenye mguu wa kushoto wa hatari, mashuti ya mbali."

Ruthu alipiga ukelele, akakimbia kumtafuta Naima, pasi akaiacha sakafuni.

Mimi na Erica tukabaki tunatazamana. Kwenye Ligi Kuu namba ni ya mtu, ina jina mgongoni, mchezaji anazeeka nayo. Stanley kakaa kwenye gari lake akaona sita, akaona tatu, akaona kumi, akadhani ameona watu watatu. Wote watatu waliomkosesha usingizi ni mimi. Siku tatu alizokuja, jezi tatu, mimi.

"Erica," nikasema. "Siku ya mvua ulikuwa wapi?"

"Najua."

"Ulikuwa umekaa na mwavuli."

"Najua, Mwajabu. Usinipigie kelele."

"Una mguu wa kushoto wewe?"

Akaokota pasi ya Ruthu, akaizungushia waya, akaiweka juu ya kabati, taratibu, kama ni ya kioo. Nikasubiri aseme kesho nitakwenda kuwaambia. Hakusema.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda Zuzu, nyumbani kwa Mwalimu. Nimemkuta katoka kanisani, kavaa buti na suruali kuukuu, anapogolea mizabibu yake. Niliapa njia nzima kwamba leo sitoi shikamoo. Nilipomwona, ikatoka yenyewe.

"Marahaba, Mwajabu. Karibu. Mama Bartolomayo, mletee mgeni maji ya zabibu."

"Sina kiu. Mwalimu, mechi ya kwanza aliyokuja Stanley, nani alivaa sita?"

Akaendelea kukata vijiti. "Wewe."

"Ya pili, tatu?"

"Wewe."

"Siku ya mawe, kumi?"

"Mwajabu, najua unachotaka kusema."

"Unajua! Halafu ukampa majina ya nani?"

Akaweka mkasi mfukoni. "Aliniuliza sita wako anaitwa nani. Sita wangu anaitwa Naima. Aliniuliza tatu wako, kumi wako. Nikamjibu alichouliza. Sijasema uongo."

"Umesema ukweli wa kumwibia mtu!"

Mke wake, aliyekuwa anakuja na glasi, akageuka akarudi nayo ndani.

Mwalimu akaketi kwenye tuta. Kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee. "Nimefundisha wasichana hapa tangu wewe uko darasa la pili," akasema. "Ligi Kuu haijachukua hata mmoja. Hata mmoja. Nikimwambia ni mtu mmoja, atachukua mtu mmoja. Yeye mwenyewe kafungua mlango wa watatu. Mimi niufunge?"

"Umenifungia mimi."

"Wewe hutakosa. Wewe popote utaenea."

Nimeshatukanwa uwanjani na mashabiki walevi. Hakuna lililowahi kuniuma hivyo. Popote nitaenea! Ndivyo alivyonitazama miaka mitatu. Kila nilipoziba alihesabu kwamba siumii, kwa hiyo nizibe tena. Nikamwambia sitavaa tena jezi yake yoyote, atafute mwingine wa kuenea. Nikaondoka bila kuaga mke wake, jambo ambalo Mama akilisikia ataniua. Na kiu nilikuwa nayo, mpaka barabarani.

Jumatano, 21 Mei

Sikuenda mazoezini. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Nasikia walikosa beki wa kulia.

Ijumaa, 23 Mei

Asubuhi Erica anapanga begi. Viatu, soksi, kitambaa cheusi. Nimejifanya nasoma. Nikashindwa.

"Utapiga kwa mguu gani kesho?" nikamuuliza. "Au utaazima wangu?"

"Mwajabu."

"Mimi nikuulize tu. Ukifika pale wakikuambia piga ule wa siku ya mawe, utapiga nini?"

Akafunga zipu. "Wewe una ualimu Kondoa, kaka yako keshakutafutia. Mimi nina nini? Baba hata hajui nasoma mwaka wa ngapi. Acha na mimi niitwe mara moja."

"Itwa kwa jina lako!"

"Jina langu ndilo waliloita."

Nikamwambia ni mwizi. Nikamwambia bora mwizi wa kuku, maana kuku hakai naye chumba kimoja, hamlishi maandazi, hamfungi bandeji kwenye kifundo. Nilimfunga mimi ile bandeji. Nimesema na mengine ambayo siyaandiki. Erica hakulia. Alichukua begi akaenda kulala kwa Ruthu.

Jumamosi, 24 Mei

Asubuhi nilikaa chumbani. Sikwenda, ningekwenda kufanya nini, kushangilia? Saa tano simu ikaita, Erica. Nikaikata. Ikaita tena. Nikaikata. Ikaja ya Ruthu, nikapokea, kumbe ni sauti ya Erica.

"Chukua viatu, panda bodaboda, njoo Nzuguni sasa hivi."

"Nije kufanya nini?"

"Kucheza, mjinga wewe! Katibu kaja kaniuliza mbona leo mguu wa kushoto nimeuacha nyumbani. Nikamwambia sinao, mwenye nao yuko chumbani kwangu kanuna. Nimewaambia yote. Sita wewe, tatu wewe, kumi wewe. Wanasema haiwezekani. Kocha wao kasema aletwe huyo mtu. Uko wapi sasa?"

Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja.

Kocha wa Uwanda Queens ni mwanamke, Kocha Hilda, mfupi, kofia mpaka kwenye nyusi. Hakunisalimia vizuri. "Ingia sita," akasema. Nikaingia. Naima alinipisha bila kinyongo, alikuwa keshachoka. Nikacheza. Jamani, nilicheza. Nikawa nasikia mpira utakwenda wapi. Baada ya robo saa akapiga filimbi: "Nenda tatu." Nikaenda tatu. Kisha, "Kumi." Nikaenda kumi, nikapiga moja ya kushoto ikagonga mwamba, Stanley aliyekuwa pembeni akaruka. "Ndiye! Ndiye huyo huyo!"

Nikiwa kumi ndipo akili ikanijia. Alikuwa ananipima kama ni kweli naziba. Na mimi nilikuwa ninamwonyesha, kwa juhudi zote, kwamba ni kweli.

Mwishoni akatuita. Naima na Erica akawashukuru, akawapa mkono. Ruthu akamwambia abaki. Ruthu, ambaye sifa zilizomleta hapa zilikuwa zangu, kabla sijafika alikuwa amecheza tatu, Naima anasema, vizuri kuliko siku zote. Tatu wao wamemuuza mwezi uliopita. "Wewe ndiye beki wangu wa kushoto," Kocha Hilda akamwambia, na Ruthu akakaa chini kwenye vumbi.

Kisha mimi. "Sita nina nahodha. Kumi ninao wawili. Lakini wewe nakutaka. Utakaa benchi, pakipungua popote unaingia. Mchezaji kama wewe ni dhahabu kwa kocha."

"Kwa kocha," nikasema. "Na kwangu mimi?"

Stanley akanikanyaga mguu. Kocha Hilda akanitazama kutoka chini ya kofia. "Mwezi wa saba mnasaini. Ukikataa, niambie mapema."

Kwa hiyo hesabu yangu ndiyo hii. Nimecheza tatu, Ruthu kapata tatu. Nimecheza sita na kumi, nimepata benchi. Na Mwalimu alikuwa sahihi, kwamba popote nitaenea, na hilo ndilo linalonifanya nitake kuvunja kitu.

Jumapili, 25 Mei

Nimemnunulia Erica chips mayai. Nimemwomba radhi kwa yale ambayo sikuyaandika. Kasema kuku aliyeibiwa hanunui chips. Tumecheka mpaka akaanza kulia, kidogo tu, kisha akasema vumbi.

Jumatatu, 9 Juni

Mitihani. Upepo.

Alhamisi, 19 Juni

Denis kanifanyia kipindi kingine, safari hii kaomba ruhusa. Mada: Mwajabu asaini au asisaini? Yule wa tairi la akiba kapiga tena, kasema si aliwaambia. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza kasema kwa sauti ndogo sana kwamba yeye alianza mpira kwa kuniangalia mimi, na kwamba hajui nacheza namba ngapi, anajua tu nikiingia timu inatulia. Denis hakucheka.

Mwishoni akasema maoni yake yeye: nisisaini. Benchi litaniua, kasema, bora ualimu wenye heshima kuliko Ligi Kuu ya kukalia ubao. Nimekasirika upya. Machi sikufaa kwa sababu sina nafasi, Juni nikipewa nafasi nisiipokee kwa sababu nafaa zaidi. Hawa watu wa redio hawachoki.

Jumamosi, 5 Julai

Tumemaliza chuo. Erica kaondoka leo asubuhi, Mpwapwa, anakwenda kujitolea shule ya msingi. Nilimbebea begi. Nikamwambia bado sijaamua, kwamba Mama anasubiri, kwamba benchi nimelikalia miaka mitatu chuoni na makalio yamechoka.

"Hulitaki benchi?" akasema, mguu mmoja uko ndani ya basi.

"Silitaki."

"Basi usilikalie. Nani kakuambia lazima ulikalie?"

Kondakta akapiga ubavu wa basi, likaondoka. Nimekaa stendi nafikiri hadi mama wa mahindi akaniuliza kama nimeibiwa.

Jumatatu, 21 Julai

Nimesaini. Mama nimemwambia jana. Akasema, "Mwaka mmoja, Mwajabu." Shaaban hajapokea simu yangu.

Mwalimu Bartolomayo alikuja kushuhudia, amevaa koti la kanisani. Ruthu alipoandika jina lake, mzee alitoa leso akafuta uso wote, hakujificha. Nilimtazama. Miaka yote hiyo hajapata hata mmoja, leo kapata wawili. Nikataka nimwonee huruma, na nikamwonea, na hasira haikuondoka. Vyote viwili vimekaa tu. Akanipa mkono. "Unaona," akasema, "nilikuambia hutakosa."

"Shikamoo, Mwalimu," nikamjibu. Sikuwa na jingine la kumpa.

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kwanza ya mazoezi. Kocha Hilda akagawa fulana za kumi na moja wa kwanza. Ruthu tatu. Akafika kwangu. "Wewe kaa nje kwanza. Nitakuita pakipungua mtu."

Nikasema sawa, kocha. Nikakaa ubaoni, pale pale waliponiweka wapiga simu wa Denis. Nikatazama nahodha, namba sita. Ni mzuri. Ana miaka saba kwenye Ligi Kuu, anaheshimika, anaongea na kila mtu kwa jina. Lakini mpira anaufuata. Unafika, ndipo na yeye anafika. Nilihesabu mara nne, kisha nikaacha, maana damu ilikuwa inapanda.

Hakuna aliyepungua. Hakuna aliyeniita. Nikafunga kitambaa changu, nikanyanyuka, nikaingia uwanjani mpira ukiendelea. Filimbi ikalia nyuma yangu. Kocha Hilda akaita jina langu, mara ya kwanza kwa mshangao, mara ya pili si kwa mshangao. Sikugeuka. Nilikwenda mpaka katikati, nikasimama ubavuni mwa nahodha, bega kwa bega.

Alinitazama toka kichwani mpaka viatuni, wala hakukasirika. Alidhani nimepotea.

"Mdogo wangu," akasema, "hapa pana mtu."

"Shikamoo, dada," nikamwambia. "Naona pana mtu. Nimekuja kumtoa."